Chanjo Huanzia Jikoni

Kaaga, hapa Meru, huamka na baridi. Kabla jua halijapanda juu ya migomba, katika kila jiko chai imeshaiva: majani ya mashamba ya Imenti, maziwa ya ng'ombe wa hapa hapa, sukari ya kutosha. Mkubwa anapata kikombe na kipande cha nduma. Mdogo wa miezi 9 anapata kikombe chake kidogo, na mkate uliochovywa humo hadi ukalainika. Saa mbili mama anamfunga mgongoni, anachukua kijitabu cha kliniki na kushika njia. Leo ni siku ya chanjo ya surua na rubela.

Mama huyo hajakosea katika lolote aliloambiwa. Tarehe ameishika, mtoto ameshiba, amevaa sweta. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kikombe cha asubuhi na sindano ya saa nne vinakutana ndani ya mwili wa mtoto, na kwamba athari yake inafika hadi kwenye ubongo. Kwa miaka mingi sisi wa lishe tumehubiri chakula upande wetu, wenzetu wa chanjo wakahubiri upande wao, na walimu wakabaki na suala la akili darasani. Utafiti wa miaka ya karibuni, ambao sehemu yake muhimu imefanywa hapa Kenya, unatulazimisha kukaa meza moja.

Tuanze na jirani zetu wa Embu. Mwaka 1998, katika eneo la Kyeni Kusini, watafiti wakiongozwa na Profesa Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichagua shule 12 za msingi. Watoto 555 wa darasa la kwanza waligawanywa kwa bahati nasibu ya shule. Kundi la kwanza lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga kila siku ya masomo. La pili lilipewa githeri na glasi ya maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta, ili nguvu yake ilingane na ya wenzao. La nne halikupewa mlo shuleni. Familia za watoto hao zilipewa mbuzi wa maziwa kama fidia.

Kwa muda wa karibu miaka miwili watoto walipimwa tena na tena. Mmoja wa mitihani ulikuwa ule wa Raven: mtoto anaonyeshwa mchoro wenye pengo, kisha anachagua kipande kinachoziba pengo hilo. Hauhitaji kusoma wala kukariri. Unapima uwezo wa kuona mpangilio na kufikiri. Waliokula githeri yenye nyama waliwazidi wenzao wote. Katika hesabu, kundi la nyama na lile la mafuta yalilizidi kundi lisilopewa mlo. Katika kuelewa maneno hapakuwa na tofauti. Na uwanjani, wakati wa mapumziko, watoto wa kundi la nyama ndio walioongezeka zaidi kwa uchangamfu, kwa kuanzisha michezo na kwa kuwaongoza wenzao.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila mara kinachonigusa ni kwamba watoto wa makundi matatu walishiba sawa. Wote walikula githeri, na mahindi na maharage yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa vijiko vichache vya nyama. Hapa kwetu mtu akisema mtoto amekula, huwa anamaanisha ameshiba. Kyeni ilituonyesha kuwa tumbo laweza kujaa na ubongo ukabaki unangoja.

Unangoja nini? Nyama huleta vitu kadhaa kwa pamoja: chuma, zinki, vitamini B12, na protini iliyo kamili. Vitamini B12 haipatikani kwenye mahindi, maharage wala mboga; hutoka kwa wanyama tu. Mwili unaihitaji ili kutengeneza damu na ule utando wa mafuta unaozifunika neva, kama plastiki inavyofunika waya wa stima ili umeme usipotee njiani. Watoto wengi wa Kyeni walianza utafiti wakiwa na upungufu wake, na nyama pamoja na maziwa viliupunguza sana.

Lakini damu ilipopimwa ilileta fumbo. Kati ya virutubisho vyote vilivyochunguzwa, ni vitamini B12 pekee iliyoonekana kupanda. Chuma hakikupanda hata kwa waliokula nyama. Inakuwaje mtoto ale nyama kila siku ya shule na kipimo cha chuma kisisogee?

Sehemu ya jibu iko kwenye ini. Mwanzoni mwa karne hii wanasayansi waligundua homoni ndogo inayotengenezwa humo, wakaiita hepsidini. Kazi yake ni ya bawabu. Chuma kikiwa kingi mwilini, hepsidini hupanda na kufunga lango la utumbo. Chuma kikipungua, hushuka na lango likafunguka. Ila bawabu huyu ana amri nyingine iliyo juu ya hiyo: kukiwa na maradhi, lango lifungwe. Sababu yake ni ya busara. Bakteria na vimelea vya malaria nao wanahitaji chuma ili kuzaana. Mwili ukivamiwa huficha chuma chake, kama wenyeji wanavyoficha ghala adui akikaribia.

Ghala likifichwa siku tatu hakuna shida. Shida ni mtoto ambaye kila mwezi ana jambo: kikohozi, kuhara, minyoo, malaria. Kwake lango halifunguki vya kutosha. Mama anapika, mtoto anakula, na chuma kinapita utumboni na kutoka kilivyoingia. Sisemi kwamba hilo linaeleza kila kitu kilichotokea Kyeni. Nasema kwamba hatuwezi tena kuzungumzia chakula cha mtoto bila kuuliza ameugua mara ngapi.

Na uhusiano huo unakwenda pande zote mbili, kwa maana kinga yenyewe hula chuma. Chanjo inapoingia, seli za kinga zinazoitambua hulazimika kuzaana kwa kasi kubwa, na hakuna seli inayozaana bila chuma. Mwaka 2020 kundi la watafiti, wakiwemo wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, lilichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa pwani ya kusini ya Kenya. Walifuatilia watoto wachanga 303 tangu kuzaliwa. Wengi wao walikuwa na upungufu wa damu wakiwa bado wadogo sana, katika umri ule ule wa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Waliochanjwa wakiwa na upungufu huo walionekana baadaye kuwa na kingamwili chache dhidi ya baadhi ya magonjwa, ikiwemo dondakoo na kifaduro.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye kikombe cha Kaaga. Watoto 127 wa miezi saba na nusu hivi walipewa unga wa virutubisho wa kuchanganya kwenye uji. Wengine unga wao ulikuwa na miligramu 5 za chuma, wengine haukuwa nacho. Wote walichanjwa surua wakiwa na miezi 9. Walipokaribia mwaka mmoja, waliopata chuma walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya surua, na zenye kushika virusi kwa nguvu zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford, akiwemo Hal Drakesmith, walionyesha jambo hilo hilo kwa panya: wakikosa chuma kwenye damu wakati wa chanjo, kinga yao inakuwa dhaifu.

Naomba nieleweke vizuri. Hakuna hata neno moja hapa linalosema mtoto mwenye damu kidogo asichanjwe. Achanjwe, na achanjwe kwa wakati wake. Kinga pungufu ni bora mara nyingi kuliko kukosa kinga, na surua haimsubiri mtoto anenepe. Ninachosema ni kwamba tunaweza kuipa chanjo ile ile nguvu zaidi kwa kumwandaa mtoto wiki nyingi kabla.

Sasa tuingie kichwani. Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ubongo umejitenga na kinga ya mwili, umezungukwa na ukuta, na seli za ulinzi haziuhusu. Mafundisho hayo yamebadilika. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Virginia na jingine la Helsinki, yalionyesha kwamba kwenye utando unaoufunika ubongo mna mirija ya limfu, ile inayosafirisha seli za kinga na kuondoa taka, ambayo vitabu vilikuwa vimesema haimo.

Zaidi ya hapo, ubongo una seli zake za kinga zinazoitwa maikroglia, zinazohamia humo mimba ikiwa changa kabisa. Kazi zake haziishii kwenye kupigana na wadudu. Yeyote aliyelima kahawa Meru anajua kwamba mti usiopogolewa hujaa matawi na kutoa mavuno duni. Ubongo wa mtoto nao huota viungio kati ya seli zake vingi kuliko vinavyohitajika, kisha hupogolewa: vinavyotumika hubaki na kukomaa, vilivyolala huondolewa. Utafiti wa Beth Stevens na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007 na kuendelezwa mwaka 2012, ulionyesha kwa panya kwamba viungio vya kuondolewa hutiwa alama kwa protini zile zile ambazo kinga hutumia kutia alama bakteria, na maikroglia ndizo zinazovimeza. Mlinzi ndiye mpogoaji. Ndiyo maana watafiti sasa wanachunguza kwa makini jinsi homa na uvimbe wa mara kwa mara utotoni vinavyoweza kumvuruga mpogoaji huyu katika msimu wa kazi yake.

Ubongo huo huo unadai chuma: cha kutengeneza utando wa neva, cha kutengeneza kemikali zinazopeleka ujumbe, na cha kuzalisha nguvu. Hapa pana jambo ambalo ningetamani kila mzazi alijue. Chuma kinapokuwa haba, mwili huhudumia seli nyekundu za damu kwanza, na ubongo hungoja. Profesa Michael Georgieff wa Chuo Kikuu cha Minnesota ameeleza hili kwa miaka mingi. Maana yake ni kwamba tunapomwona mtoto amepauka viganja na ndani ya kope, ubongo wake umeshapunguziwa mgao kitambo. Weupe wa viganja hutufikia kama barua iliyochelewa njiani.

Na deni hilo si rahisi kulipa. Nchini Costa Rica, Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa na upungufu mkubwa wa chuma walipokuwa wachanga, ingawa walitibiwa. Katika familia maskini, pengo la alama za vipimo vya akili kati yao na wenzao lilikuwa kama 10 utotoni. Walipofika miaka 19 lilikuwa limefika 25. Kwa upande mwingine, utafiti mkubwa wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa chuma maelfu ya watoto kuanzia miezi 8, kwa miezi mitatu. Upungufu wa damu ulipungua, lakini maendeleo yao ya akili hayakutofautiana na ya wasiopewa. Kwangu mimi, somo la hizo mbili kwa pamoja ni kwamba chuma kina msimu wake kama mbegu. Kuja na gunia la mbolea wakati wa mavuno hakusaidii shamba.

Msimu huo huanza mimba ikiwa tumboni. Huko magharibi mwa Kenya, wajawazito 470 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Waliopewa miligramu 60 za chuma kila siku walijifungua watoto wenye uzito wa gramu 150 zaidi kwa wastani, na malaria haikuongezeka kwao. Kwa hiyo vile vidonge vya damu ambavyo mama anapewa kliniki na kuviacha kabatini kwa sababu vinamletea kichefuchefu, ndivyo akiba ya kwanza ya mtoto. Avimeze baada ya chakula au wakati wa kulala, lakini avimeze. Akiba ya pili hupatikana dakika ile ya kuzaliwa: Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla dakika moja haijapita, ili damu iliyobaki kwenye kondo imfikie mwenyewe.

Akiba hiyo humtosha mtoto aliyetimiza miezi yake kwa kama miezi minne hadi sita. Baada ya hapo maziwa ya mama, yenye thamani isiyo na mfano kwa kinga yake, hayana chuma cha kutosha. Viwango vya Marekani vinampa mtoto wa miezi 7 hadi 12 miligramu 11 za chuma kwa siku. Baba yake anatakiwa miligramu 8. Tafakari hilo unapopakua. Mtoto anayekula vijiko vitano anahitaji chuma kuliko mwanamume aliyetoka kuchuma chai, na bado sufuria ikifunguliwa nyama inakwenda kwenye sahani ya mkubwa na mtoto anamiminiwa mchuzi.

Na sasa chai. Majani ya chai yana tanini, ambayo hukishika chuma cha mimea utumboni kisiweze kuingia kwenye damu. Katika vipimo vilivyochapishwa mwaka 1999, chai nyeusi iliyonywewa pamoja na mkate ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Maziwa nayo hayana chuma cha kuhesabika. Kwa hiyo kile kikombe cha asubuhi kinampa mtoto joto, sukari na shibe, huku kikimnyima kidogo kilichokuwa kwenye mkate. Chai ni kazi yetu na ada ya watoto wetu shuleni, na siwezi kuidharau mbele ya watu wa Meru. Mkubwa na ainywe, saa moja baada ya mlo. Mtoto mchanga haihitaji hata kidogo.

Mama ampe nini basi? Sokoni Gakoromone jibu limejaa mezani, na mengi yake si ya bei ya kutisha. Maini kidogo, yapikwe, yapondwe, mara moja kwa wiki. Nyama ya kusaga vijiko viwili ndani ya mukimo wake. Omena iliyosagwa ikawa unga, kijiko kimoja kwenye uji. Yai. Njahi, kunde au ndengu zilizolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, kwa maana kuloweka hupunguza kile kitu ndani yake kinachokifunga chuma. Kuchachusha uji wa wimbi nako husaidia vivyo hivyo. Terere iliyopikwa, na papo hapo kipande cha papai au chungwa, kwa sababu vitamini C hukifungulia chuma njia. Unga wa pakiti umetakiwa kisheria kuongezwa chuma tangu mwaka 2012, lakini ule tunaosagiwa kwenye kinu cha kijijini hauna nyongeza hiyo, na wengi wetu ndio tunaoula.

Mzazi mwenye haraka ataniuliza kwa nini asinunue tu dawa ya kuongeza damu dukani. Jibu langu linatoka Pemba. Huko, watoto wadogo zaidi ya 24,000 walishiriki utafiti wa kupewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Mwaka 2003 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki zaidi, kwa tofauti ya kama asilimia 12. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria kali, na chuma kingi kwa ghafla kilimnufaisha adui. Hata hivyo, katika kundi dogo lililofuatiliwa na kutibiwa kwa ukaribu, watoto wenye upungufu halisi walinufaika. Na pwani yetu ya kusini, watafiti waligundua kwamba unga wenye chuma kingi uliwaongezea baadhi ya watoto bakteria wabaya utumboni na kuhara.

Ndiyo maana anayeishi Kaaga, kwenye baridi isiyo na malaria nyingi, na anayeishi Marimanti kule Tharaka kwenye joto na mbu, hawawezi kupewa ushauri mmoja. Wa Marimanti anahitaji neti na kipimo cha malaria kwanza. Wote wawili wanahitaji chuma kitoke kwenye chakula pale inapowezekana, na dawa itoke kwa mhudumu aliyepima damu. Wote wawili pia wanahitaji maji safi, choo na dawa ya minyoo. Haydom, kaskazini mwa Tanzania, palikuwa kimojawapo cha vituo vinane vya utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto wa nchi mbalimbali tangu kuzaliwa. Ulionyesha kwamba vijidudu vya tumbo huzuia ukuaji hata mtoto asipohara, na kwamba maradhi, mlo na hali ya nyumbani hushirikiana katika kuamua maendeleo ya akili. Sabuni karibu na choo ni sehemu ya elimu ya mtoto.

Ninaloomba kwa serikali zetu za kaunti, Meru, Tharaka Nithi na Embu, halihitaji jengo jipya. Ziara ya chanjo ya miezi 9 ndiyo nafasi ambayo mama wengi hufika bila kukosa. Mtoto yuko pale, kijitabu kiko pale, muuguzi yuko pale. Apimwe damu kwa tone la kidole. Aulizwe ameugua mara ngapi tangu ziara ya mwisho. Na wahudumu wa afya ya jamii, wanaozijua nyumba zote za kijiji, waanze mazungumzo haya mtoto akiwa wa miezi 5, kabla mkono wa mama haujazoea kikombe cha chai. Na akina baba, ambao ndio huamua nyama inunuliwe lini na iwekwe sahani gani, wasiachwe nje ya mazungumzo hayo.

Kyeni walianza na watoto wa darasa la kwanza, na bado vijiko vichache vya nyama vilionekana kwenye fikra zao. Nawaza ingekuwaje kama vijiko hivyo vingewafikia wakiwa na miezi saba. Kwa wale nafasi hiyo imepita. Kwa huyu aliye mgongoni, anayeteremka Kaaga asubuhi hii na kijitabu chake, haijapita. Atakapofika, kabla ya kufungua boksi la baridi lenye chanjo, muuguzi amuulize mama swali moja la ziada: jana mtoto alikula nini? Kisha asubiri asikie jibu lote.